Kitovu Ndani ya Ndoo ya Rangi

Mimi na Rebeka tulikuwa tumepanga nyumba moja hapa Ikungi tangu akiwa na mimba ya Belinda. Mlango wangu ulitazamana na wake. Watu wa mtaa wanamwita "yule mama wa mti" halafu wanacheka. Mimi sicheki, na ukicheka mbele yangu nitakujibu jibu usilolipenda. Theresia mimi, mama yake Laurian, sina mdomo wa kufunga.

Rebeka ni mtoto wa kota. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli kule Itigi, mtu wa kukaza vyuma vya njia, na walikaa nyumba ya reli mpaka mzee alipostaafu. Nyumba ya reli si yako. Walifunga virago, mzee akafariki wakiwa bado wanahangaika na vyumba vya kupanga, na mama naye hakukaa sana. Rebeka hana kaka, hana dada. Kitovu chake kilizikwa nyuma ya ile kota, karibu na bafu. Siku moja alipopita Itigi akaenda kupaangalia, akakuta wenye kota wa sasa wamejenga banda la kuku pale pale. Wakamuuliza anamtafuta nani. Akasema amepotea njia.

Aliponisimulia hilo nililia, na mimi si mtu wa kulialia.

Mume wake, Hosea, ni fundi uashi, Mnyiramba wa Kinyangiri. Kwao walikuwa wamemtafutia binti wa jirani, mambo yameshapangwa, yeye akamleta Rebeka. Kukatokea maneno. Ng'ombe wa mahari hawakutolewa, na Hosea akatoka kwao na mwiko wake na pimamaji, basi. Ni mpole, yule baba. Ukimgombeza anaangalia viatu vyake.

Belinda akazaliwa, kitovu kikakauka, kikadondoka. Sasa kila mtu anajua kitovu kinakwenda wapi. Kinazikwa nyumbani kwa baba, ndani ya boma, na mtoto akikua anaonyeshwa, anaambiwa hapa ndipo kwenu, hata ukienda wapi. Kinyangiri hawakutaka hata kusikia habari. Itigi hakuna mtu. Na hapa tulipopanga, mwenye nyumba amepiga sakafu uwanja mzima kuanzia ukutani hadi getini, na kile kipande kidogo kisicho na sakafu amekataza mtu kuchimba hata shimo la bamia. Rebeka akawa anakihamisha kile kitovu kwenye kitambaa, leo kiko chini ya mto, kesho kiko kwenye sanduku la nguo. Maziwa yakaanza kumkauka kwa mawazo.

Hapo ndipo Hosea alipokuja na ndoo tupu ya rangi kutoka kazini. Akaitoboa chini kwa msumari wa moto, wakajaza udongo, wakaweka kitovu katikati na juu yake mche wa mlimau.

Niliwafokea. "Kitovu kwenye ndoo! Mmeona wapi nyie?"

"Tukihama tunabeba, mama," Hosea alisema, macho kwenye viatu.

Rebeka akanitazama. "Mama Laurian, wewe una shamba lako Sepuka. Mimi nina ndoo." Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Huu mti ukifa, mwanangu hana kwao."

Nikaenda kuwaletea maji ya kumwagilia.

Mwaka wa kwanza mlimau ulikwenda vizuri, ukapita kimo cha Belinda aliyekuwa anatambaa akiuzunguka. Na ulipendwa mti ule! Kila asubuhi Rebeka alikuwa akitoa majivu jikoni, ananyunyizia kwenye ndoo ili wadudu wasisogee, maana ndivyo tunavyofanya kwa mboga. Maganda ya mayai aliyatwanga akaweka. Maji aliupa kabla hajanywa yeye. Na maji yetu mnayajua, haya ya kisima kirefu, ukiyachemsha sufuria inabaki na ukoko mweupe na sabuni haitaki kutoa povu. Hayo hayo ndiyo aliyokuwa anaumwagilia, asubuhi na jioni.

Belinda alipoanza kusimama dede, Hosea naye akataka kuonyesha mapenzi. Mwanamume akiwa fundi uashi, atakupenda kwa simenti. Alifinyanga chungu kikubwa cha zege, kizuri kweli, kina ukingo wa mawimbi, na simenti ikiwa bado mbichi akaandika kwa msumari: BELINDA. Wakahamisha mlimau pamoja na udongo wake wote, wakauweka mle, chungu kikiwa bado kinanuka simenti. Tulipiga vigelegele. Nilipika na pilau, mimi mwenyewe.

Baada ya hapo majani yakaanza kugeuka. Si kukauka, hapana. Yalikuwa ya njano, halafu mishipa yake imebaki ya kijani, ukiyaona unadhani mtu ameyachora kwa kalamu. Machipukizi yanatoka yameshafifia. Rebeka akaongeza majivu. Yakazidi. Akaongeza maji. Yakazidi. Akawa anaamka anakwenda kuuangalia mti kabla hajamwangalia mtoto, na mimi nikawa naona hasira inanipanda bila kujua namkasirikia nani.

Miraji, bwana shamba wetu, huwa ananunua uji kwangu asubuhi. Nikamvuta mkono hadi uani. Akachukua udongo wa juu kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akaniomba siki, akadondoshea. Ule udongo ukachemka! Ukatoa povu kama soda iliyotikiswa.

"Mnaona?" akasema. "Umejaa chokaa. Mlimau ni mti unaopenda udongo wenye uchachu kidogo, na huu uchachu wote umeuawa. Chakula kimo, madini ya chuma yamo, lakini yamefungwa, mizizi haiwezi kuyachukua. Ndiyo maana majani yanakuwa hivi."

"Umeuawa na nini?" Rebeka aliuliza.

Miraji hakuwa na ubaya, jamani. Aliulizwa akajibu. "Majivu. Maganda ya mayai. Maji haya ya kisima. Na hiki chungu cha simenti ndicho kibaya kuliko vyote, kinatoa chokaa kila ukimwagilia. Shambani mti ungekimbiza mizizi mbali. Kwenye chungu utakimbilia wapi?"

Hosea alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Aliuangalia ule mkono, kisha akaingia ndani. Mimi nilimhurumia Hosea mpaka nikamchukia Miraji kwa dakika chache, masikini, na uji wake nilimpa bure siku ile.

Basi tukaanza matibabu. Majivu marufuku. Maji ya mvua tukayakinga kwenye mapipa chini ya bati, tukaufanya mti unywe hayo peke yake. Rebeka alikwenda porini kukusanya majani yaliyooza chini ya vichaka, akayafukia juu juu. Miraji akaleta salfa ya unga, akaonya iwekwe kidogo sana na tusitegemee kuona kitu haraka, kwa sababu salfa inageuka uchachu polepole mno. Siki matone kwenye kopo zima la maji, si zaidi. Hosea akajaribu kutania: "Mti unaozaa malimau makali vile, kumbe nao unaomba ukali." Rebeka akacheka, cha ajabu. Mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri, na kwenye ncha za matawi kukaja majani ya kijani, machache, madogo.

Halafu mvua zikakatika. Upepo wa kiangazi mnaujua, unakausha hata mate mdomoni. Mapipa yakaisha, tukarudi kwenye kisima kwa sababu hakuna maji mengine, na kila tulipomwagilia chungu nacho kinatoa chokaa yake. Njano ikarudi, sasa na kingo za majani zikaungua. Na katikati ya hayo Belinda akashikwa na malaria, malaria ile ya kutetemeka na kuweweseka, tukamkimbiza hospitali, akalazwa. Kila nilipomletea uji wodini Rebeka alikuwa ananiuliza kwanza, "Majani yamedondoka mengine?"

"Belinda ana malaria, ana dawa, anapona," nilimwambia. "Mti ni mti!"

"Majani yamedondoka mengine, Mama Laurian?"

Yalikuwa yamedondoka. Nikamdanganya.

Mtoto akapona, akarudi amekonda shingo. Miraji akaja kumpa pole, akauangalia mlimau, akakuna kichwa. "Mama Belinda, nisikufiche. Hapa dawa imebaki moja. Vunjeni chungu, mwageni udongo huu wote, osheni mizizi iwe safi, mpande upya kwenye ndoo ya plastiki na udongo mpya. Vinginevyo haufiki masika."

"Nimwage wapi?"

"Popote tu. Ni udongo."

Ikabidi mimi nimweleze kilichomo mle. Bwana shamba wa watu akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili kama yuko msibani. "Basi si mkitoe kwanza kitovu?"

"Kilikuwa kidogo hivi," Rebeka alisema, akaonyesha ncha ya kidole. "Kimeshaoza. Kimeshakuwa huo udongo."

"Basi hapo mimi sijui, mama," Miraji alisema. "Kwa kweli sijui."

Ndipo Rebeka alipoamua kwenda Kinyangiri. Hosea hakuthubutu. "Nikienda nitagombana na kaka mbele ya baba, na baba ana kiharusi," alisema, na alikuwa anasema kweli. Nikasema nitakwenda mimi. Tukambeba mtoto, tukapanda basi hadi Singida, tukaunganisha basi la Mkalama hadi Kinyangiri, na mapajani Rebeka ana kopo la udongo kidogo wa kile chungu, la kuombea. Hakuomba ng'ombe wala kutambuliwa. Alitaka kuomba mahali pa kumwaga udongo, pa ukubwa wa beseni tu.

Tulipokelewa vizuri, siwezi kusema uongo. Tulipewa maji, tulipewa viti. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba mbele ya nyumba, upande mmoja umekufa na mdomo hautoi neno. Rebeka akapiga magoti. "Shikamoo baba." Mzee akatikisa kichwa, jicho likamtoka chozi. Belinda akaenda mwenyewe akashika ule mkono uliokufa, akawa anauchezea vidole.

Nathanaeli, kaka yake Hosea, ndiye mwenye sauti pale siku hizi. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote. Kisha akasema, "Shemeji, sina ugomvi na wewe. Lakini sisi ng'ombe hatujatoa. Ng'ombe wasipotoka, mtoto ni wa ujombani. Nikiruhusu azikiwe kitovu hapa, kesho nitawaambia nini wazee wa ukoo?"

"Na ng'ombe wa Hosea wako wapi?" Mimi huyo. Nilishindwa kujizuia.

"Wako zizini, mama. Hosea aje achukue, auombe ukoo msamaha."

"Achukue ampelekee nani? Baba yake Rebeka amekufa, mama amekufa, mjomba hana! Huo ujombani ni wapi, kwenye stesheni ya treni?"

"Hayo sasa ni ya kwao," Nathanaeli alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Afadhali angenitukana. Mtu akikutukana unapata pa kushika.

Wakati huo mzee alikuwa na fimbo yake kwenye mkono uliobaki mzima. Akaanza kukwangua ardhi mbele ya kiti chake. Akakwangua, akakwangua, mpaka pakatokea kishimo, na akamtazama Rebeka. Sote tuliona. Rebeka akasogea na kopo lake. Nathanaeli akainuka taratibu, akasema, "Baba amechoka, jua limekuwa kali," akamwinua mzee na kiti chake akishirikiana na mke wake, wakamwingiza ndani. Alipotoka akapita juu ya kile kishimo, akakisawazisha kwa mguu huku akituuliza kama tutakula kabla ya kuondoka.

Hatukula. Kwenye basi Rebeka alishika lile kopo kwa mikono yote miwili hadi Ikungi. Nilitaka kumwambia azike shambani kwangu Sepuka, na nilimwambia, kweli, tulipopita Iguguno. Akanishukuru. Akasema, "Halafu aje kuwa nani kwenye shamba la wanao, Mama Laurian?" Nami najua wanangu, na najua wake zao. Sikusema tena.

Hosea alivunja chungu mwenyewe. Alianzia upande usio na jina. Lile pande lenye jina lilipobaki peke yake limesimama alisita na nyundo, kisha akalipiga pia, kwa sababu mizizi ilikuwa imelishika. Rebeka alitandika turubai, akaupokea udongo wote humo, akauchambua kwa vidole, kidogo kidogo. Nilijua anatafuta nini na alijua hatakipata. Mizizi aliiosha kwenye beseni, na yale maji hakuyamwaga. Aliyaacha yakatuama, akakomba tope lililobaki chini, akalichanganya na udongo. Hakuna punje iliyopotea. Ukajaa kiroba kizima cha sembe, akakifunga kwa kamba ya katani.

"Nakiweka wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha chini ya kitanda. Unadhani kulikuwa na mahali pengine?

Mlimau tukaupanda kwenye ndoo mpya, udongo wa porini, majani yaliyooza, maji ya mvua za kwanza. Na ulipona, huo mti! Masika yalipokolea ulikuwa umevaa kijani, ukatoa na maua meupe mawili matatu yenye harufu ya kukusimamisha njiani. Miraji alifurahi kama mti ni wake. Majirani wakaja kuuangalia. Rebeka aliendelea kuumwagilia, akaondoa wadudu kwa mkono, lakini nilimwona hausemeshi tena kama zamani. Nikamuuliza kulikoni, si umepona? Akasema, "Umepona. Sasa ni mlimau."

Mwenye nyumba akatutangazia kuwa anahitaji kile chumba cha akina Hosea, kijana wake anaoa. Hakuwa na ubaya na yeye. Nyumba ni yake. Ilikuwa tayari kiangazi, mapipa yamekauka, mlimau umeanza tena kunywa maji ya kisima, na majani ya juu yalishaanza kufifia. Hosea akakodi mkokoteni. Kitanda, sufuria, sanduku la nguo, mwiko, pimamaji. Kiroba cha udongo kikakaa juu kabisa, na Belinda akakaa juu ya kiroba, maana hakukubali kukaa pengine. Mimi nikabeba ndoo ya mlimau kichwani, nikawasindikiza hadi upande wa pili wa Ikungi, nimenuna njia nzima.

Mwenye nyumba mpya ni mama mmoja mchangamfu, mama Klara, mwanakwaya. Akatupokea kwa kicheko, akasaidia hata kushusha vyombo. Akafika kwenye kiroba, akakijaribu uzito Belinda akiwa bado juu yake, akachungulia penye kamba.

"He! Udongo? Mnahama na udongo? Jamani, mwageni tu pale jalalani, vyumba vyangu ni vidogo."

Hosea akaangalia viatu vyake. Rebeka akasogea akasimama mbele ya kiroba.

Mama Klara akamgeukia mtoto amchangamshe. "Shuka basi, mrembo. Unaitwa nani? Kwenu wapi?"

Belinda hakushuka. Akakumbatia kiroba kwa mikono na miguu, akalaza shavu juu yake.

"Usimwage," akasema. "Kwetu ni humu."

Mama Klara akacheka sana, akasema watoto wa siku hizi wana maneno. Hakuna aliyecheka naye. Rebeka akambeba mtoto, Hosea akabeba kiroba akakiingiza ndani, na mimi nikabaki uani nimeshika mlimau, natafuta kivuli cha kuuweka.